Kilo Zisizo Zake

«Utakunywa ama uko nangoya iote mayani?» Tante Mariette hakuinua hata uso alipouliza, kisu kilikuwa kinazunguka kiazi, beseni la viazi vya Lubero kati ya miguu yake, na Hadassa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto, uji wa soya na mahindi, mzito, sukari ya kiasi, uji aliokunywa kila asubuhi tangu aache judo, na sasa anautazama kama unavyomtazama mbwa wa jirani ambaye hajakuuma bado… «Iko moto, Tante», alisema, na uji ulikuwa umeshapoa, utando umeshatanda juu, wote wawili walikuwa wanauona… Jumamosi, jiko lile lile la nyumbani Bulengera aliloliacha Jumapili kwenda Beni, makaa yale yale, shangazi yule yule aliyemlea tangu baba yake afe, na je, mtu aliyekulea anaweza kukutilia dawa kwenye uji, kisha akafumba macho na kuuombea uji huo huo kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani? Anaweza, Paulin anasema anaweza, na Paulin si mtu wa kusema ovyo, alikuwa anamwangusha kwenye mkeka wa tatami miaka ile ya klabu na kila mara anamwomba samahani kabla hajafika chini, sasa ni daktari katika kituo kidogo cha afya huko Beni, na wiki hii, Hadassa alipoletwa kwake akiwa anatembea kwa kushika ukuta, hakumcheka, alimtazama usoni kwa muda mrefu, si kama wanaume wanavyotazama, kama fundi anavyotazama ukuta uliopasuka…

Ile semina ya walimu iliyompeleka Beni, siku ya tatu tu, aliamka mwili umekuwa maji, akatapika, chumba kikazunguka, akaanguka kwenye korido mbele ya walimu wa biolojia wa nusu ya jimbo, kila mmoja akijua ugonjwa wake, malaria, malaria, nani asiyejua malaria, kipimo kikasema hapana, na Paulin akaomba aone mikono, akaona mikono iliyokonda, akaomba aone tumbo, akaona mistari myekundu ya ngozi iliyovutwa haraka, akagusa kile kinundu cha mafuta chini ya shingo, nyuma, ambacho yeye Hadassa alidhani ni uzee umewahi, kisha akauliza taratibu, «Hada, uko nameza bile bidonge ya kunenepa?» naye akacheka mpaka kichefuchefu kikarudi, yeye? yeye aliyepigana na mizani miaka kumi, aliyeishi chini ya kilo hamsini na saba kama mpangaji anayeogopa kufukuzwa? «Basi kuko mutu anakumezesha», Paulin akasema, na hakucheka hata kidogo, akauliza ni nini anachokula kila siku asichokipika mwenyewe, na jibu lilikuwa uji.

«…na mama pasteur anasema kofia tutavala za rangi ya mbingu, mie nikamuuliza, mbingu gani, ya asubui ama ya mvua? Uko nasikia?» «Niko nasikia, Tante.» Kofia za kwaya, mke wa mchungaji, ndiyo… chini ya hamsini na saba, na ujinga wote alioufanya kwa ajili ya mizani ile ya mashindano, kukimbia kupanda kilima na mifuko ya plastiki chini ya kimono, kulala bila maji, kutema mate kwenye kopo ili apungue uzito wa mate, hebu fikiria, mtu mwenye akili timamu, mwanafunzi wa chuo kikuu, anatema mate kwa kilo, na Jumapili jioni fufu, kuku, fanta, kilo zote zimerudi nyumbani kabla yake, ule haukuwa kupungua, ulikuwa ni kuidanganya mizani, na mizani haina kinyongo, inadanganywa tena wiki ijayo… kisha goti, kisha daktari wa goti, kisha kimono kwenye sanduku, na hapo ndipo alipoamua kwamba safari hii atafanya mambo kama mtu mzima. Alimpigia Paulin simu kuuliza, akategemea miujiza, akapewa maneno ya kawaida kabisa, yale ambayo hakuna anayelipia kuyasikia: uko bado na sahani ya mutu anapigana, Hada, na kazi yako ni kukaa kwa kiti na kusahihisha… basi akapunguza fufu, mlima ukawa ngumi moja, lakini maharagwe hakuyagusa, mboga za lengalenga akaongeza, mafuta ya mawese kwa kijiko badala ya kumimina kama anayebariki, asubuhi asiruke kula, kwa sababu anayeruka asubuhi saa nne yuko kwenye mikate ya kukaanga, mikono yote miwili, pikipiki aliiacha, akawa anapanda kwa miguu mpaka shule, goti likilalamika mwanzoni kisha likanyamaza, mara tatu kwa wiki anainama na kuinuka mbele ya kitanda ili misuli isimkimbie yote, analala mapema, anajipima Jumatatu tu, si baada ya kila kukojoa kama zamani, na subira, Paulin alisema, subira njo dawa, ukiona unapungua polepole mpaka unachoka kungoja, jua uko muzuri.

Akangoja. Alingoja toka Pasaka, na tumbo likaja, uso ukaja, mashavu mawili ya mviringo kama ya malaika kwenye kalenda, na wanafunzi wakaacha kumwogopa, mtu mwenye mashavu yale hatishi, na kanisani wanawake wakamshika mikono, umenona, Hadassa, Mungu anajibu, na Tante Mariette pembeni anang'aa kama mtu anayesifiwa bustani yake… alikuwa anasifiwa bustani yake… na yeye akirudi nyumbani anapunguza ngumi ya fufu kuwa nusu ngumi, akijiita mvivu, akijiita mwongo, akiamini kwamba usiku anakula usingizini, kwa kweli aliwahi kuinuka kuhesabu maparachichi jikoni kama hayajapungua… na muda wote huo anasimama darasani anafundisha tezi, tezi zile mbili zinazokaa juu ya figo, anazichora vizuri ubaoni kwa chaki ya rangi, hazikosi hata mshipa, na zake mwenyewe zimelala fofofo, kwa sababu, Paulin alieleza, kuko mutu anazifanyia kazi yao kutoka inje, na ukimufukuza huyo mutumishi mara moja, bwana nyumba hajui hata chumvi iko fasi gani, njo unaanguka, njo ulianguka hapa, siku tatu bila ile uji, Hada, unaweza kufa, na hapana sema nimekutisha. Akampa vidonge vidogo vya kumshikilia, ashuke ngazi kwa ngazi, miezi kadhaa huenda, lakini nipatie jina ya ile dawa na ngapi na toka lini, bila hiyo niko natembea mu giza, na hapana kuchanganya ya kwangu na ya kwake… kwa hiyo uji huu haunyweki, angeweza kuumwagia migomba, angeweza, lakini kesho kuna kikombe kingine, na ukikataa kikombe kuna mchuzi, kuna sombe ya majani ya muhogo, Tante Mariette akiamua kukutendea wema hana mlango mmoja.

«Uko nanyamaza sana. Beni bakulisha nini? Umerudi na macho ya mbuzi ya arusi.» «Bugali na maharagwe, Tante.» «Ona shavu imeshuka!» na kisu kikaonyesha shavu, kwa uchungu kabisa, kama mtu anayeonyesha paa lililoezuliwa na upepo… muulize basi, muulize tu, ndiyo au hapana… hapana, si kwa Tante Mariette, kumuuliza ndiyo au hapana ni kumpoteza, ile sufuria kubwa ya kwaya iliyotoboka, kila mtu alimwona akiisahau motoni, mama pasteur akamuuliza mbele za watu, akasema si mimi, na kwa kuwa ameshasema si mimi mbele za watu imebaki si yeye mpaka parapanda, ameacha hata kupita njia ile, mwanamke huyu akikana mara moja hana tena pa kurudia, anajijengea ukuta na kukaa ndani yake, akiimba… ndiyo maana kwenye gari kutoka Beni, magoti yamebanwa na mifuko ya kakao ya mtu wa Oicha, alikuwa anapanga mitego, sentensi za pembeni, za kumfanya ajikute ameshasema, kama kwenye tatami, hausukumi, unavuta kidogo, unangoja aegemee…

«Tante, hii uji, unatiaka nini?» «Soya. Mahindi. Sukari.» Kiazi kikaanguka kwenye maji. «Na mapendo.» Na akacheka peke yake, cheko fupi, kisha akachukua kiazi kingine kilichokwisha kumenywa na kuanza kukimenya tena. Hadassa aliona. Kiazi kizima, cheupe, kinamenywa mara ya pili, na badala ya kufurahi kwamba mtego umevuta aliona aibu, kwa sababu alikuwa anaitazama ile mikono, mikono iliyokuwa inaacha bakuli la maharagwe nje ya mlango wake usiku wa kuamkia mashindano, bakuli linakutwa asubuhi limejaa vile vile… Tante alikuwa analichukua bakuli na kuondoka. Aliona mtoto wa kaka yake anatema mate kwenye kopo, anakimbia na plastiki, anarudi midomo imepasuka, na watu wanampigia makofi, na yeye nani, mama wa kwaya asiyejua sheria za judo, aseme nini mbele ya medali? kisha kimono kikaingia sandukuni, na miezi ile ya kwanza, kabla ya mashavu, misuli yote ikayeyuka kwa mkupuo, shingo ikabaki mifupa, na kuna mama mmoja, Hadassa mwenyewe alimsikia kwenye uwanja wa kanisa, alimwambia Tante kwa ile sauti ya huruma yenye meno, mutoto ya ndeko yako, unamupatiaka chakula kweli? wakati ule mji umejaa watu waliokimbia vita upande wa Oicha, watu waliokonda kwa sababu, hakuna aliyekuwa anakonda kwa kupenda, kukonda kulikuwa habari mbaya inayotembea… na mimi, aliwaza, mimi nilikuwa naishi nyumba hii kama hoteli, uji ulikuja mezani nikaunywa nikisoma simu, sikuuliza hata mara moja kwa nini mwanamke huyu, ambaye hajawahi kukaa na mtu wakati wa kifungua kinywa, alianza kukaa mbele yangu mpaka nione chini ya kikombe.

Yote hayo hayakuondoa ubaya wa alichofanya. Hilo alilishika pia, hakutaka kujidanganya, mtu anayekutilia kitu mwilini bila kukuambia amekuibia, hata kama amekuibia kwa machozi, na kilo hizi, zote alizozitukana kila Jumatatu, hazikuwa zake, hakuwa mvivu, ngumi ya fufu ilikuwa kweli ngumi, kilima alikipanda kweli… lakini hasira aliyoibeba kutoka Beni ilikuwa imekaa vibaya mikononi, kama mzigo uliofungwa kwa haraka, na huu mtego, huu ucheshi wa kuuliza unatiaka nini huku unajua, ni nini kama si kifuniko kingine juu ya sufuria, wawili wanakaa jikoni wanaigiza asubuhi, yeye mwenye diploma ndiye anaigiza zaidi… akaweka kikombe chini, kwenye sakafu, kando ya beseni.

«Tante, sitakunywa. Si kwa sababu iko moto. Beni nilianguka.» Kisu kilisimama. «Muganga alisema kuko dawa mu mwili yangu, na kama inakatika gafula naweza kufa. Lazima ajue ni dawa gani. Sikuulizi kitu. Niko na woga tu.» Na alipolisikia neno woga likitoka mdomoni mwake, kwa sauti nyembamba ambayo hakuwa ameitumia tangu utotoni, alijua kwamba ni kweli, wiki nzima alikuwa na hasira ili asiwe na woga.

«Ulianguka fasi gani?» «Mu korido.» «Batu balikuwa pale?» Bila shaka, lazima aulize hilo kwanza. «Mingi, Tante.» «Kichwa iligonga?» «Bega.» Nje mtu alikuwa anaita kuku, pikipiki ikapanda ikapita, na Tante Mariette alifuta mikono kwenye kitenge, upande mmoja, kisha mwingine, kisha tena ule wa kwanza, macho kwenye maji ya viazi, na Hadassa hakumsaidia, hakusema si kitu, hakusema najua, alikaa tu, alikuwa tayari kukaa mpaka jioni, na hakujua kama anachongoja ni jina la dawa au ni mtu…

«Mama ya pharmacie alinisemea ni vitamine», Tante alisema, karibu hasikiki. Akakohoa. Akajaribu tena, kwa sauti ile anayoombea, ile ya kusikika kwa majirani. «Ni mie, Hada. Natwangaka mbili kila asubui, natia kabla ya sukari. Toka ile miezi ya kwanza uliacha michezo. Sikuweza tena kuona ile shingo.»