Mahudhurio ya Watu Sitini na Wanne

Evarista binti Clemensi, Mmbulu wa Kansay wilayani Karatu, alikuwa akisoma mambo mawili kwa mpigo chuo kikuu huko Dar es Salaam: uhusiano wa kimataifa na lugha ya Kiingereza. Nyumbani hakuna aliyeelewa hilo la kwanza. Baba yake, mkulima wa maharage na ngano, aliwaambia watu kanisani kwamba binti anasomea ubalozi, basi, na kwa hilo akatembea kifua mbele tangu Kansay hadi mnadani Karatu. Mwacheni mzee wa watu ajivune. Mwaka ule wa 2004 mvua zilimpa kisogo, hakuwa na kingine cha kujivunia.

Likizo ya mwaka wa pili, Leonce alimfuata nyumbani. Huyu alikuwa kijana kutoka Moshi, mfanyakazi wa kampuni moja ya utalii iliyokuwa na ofisi Karatu mjini, shati limenyooshwa kwa pasi na maneno yake vilevile. Kampuni ilitaka kuwapeleka wageni wake wa Ulaya wakaonane na kijiji kimoja cha Wamaasai, upande wa Loliondo. Ilihitaji mkalimani.

"Dada, hii si ndiyo fani yako yenyewe?" alisema Leonce. "Mataifa mawili yanakutana, wewe katikati."

Evarista alivimba kichwa. Nani asingevimba? Miaka miwili alikuwa akisoma mazungumzo ya wakubwa waliokwisha kufa, leo ameitwa mezani mwenyewe.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Wageni walisema kwa Kiingereza, Evarista akaweka kwa Kiswahili, na mwalimu Yohani wa pale pale kijijini akamalizia kwa Kimaasai. Wageni walisema wanataka ujirani mwema. Bonde lenye chemchemi, ambako kijiji kizima hunywesha ng'ombe kiangazi kinapokaza, walilitaja mara moja tu, kwamba linapendeza sana. Evarista akatafsiri kupendeza huko kwa ufasaha wote aliojaliwa.

Kisha yakaja mahudhurio. Kwetu mkutano usio na karatasi ya mahudhurio si mkutano. Iwe ni parokia, iwe chanjo ya mifugo, iwe semina ya ukimwi, unaandikwa jina, unaweka sahihi, ndipo unapewa chai. Hakuna anayeuliza karatasi ni ya nini, kama asivyouliza kikombe ni cha nini. Leonce alimpa Evarista karatasi zenye mistari ya majina, na pedi ya wino. Ukurasa wa kwanza aliubakiza kwenye faili lake. Evarista alimwona akiubakiza, na hakuuomba. Chai ilikuwa inapoa, watu wamekwisha kupanga foleni, na yeye, tuseme ukweli, alikuwa anafurahia mno kuwa mtu wa maana. Aliandika majina sitini na manne kwa mwandiko safi, na wasiojua kuandika akawashika mkono mmoja mmoja, akawawekea dole gumba mbele ya majina yao.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja, Naishorua, ambaye kijiji kizima kilimwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai.

"Mkono laini huu, binti wa Kimbulu," alimcheka kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Ng'ombe hujamkamua wewe."

"Nakamua kalamu, Koko."

"Haya, kamua tuone."

Mwezi wa kumi na mbili, Evarista akiwa amerudi kwa Krismasi, mwalimu Yohani alifika Kansay na karatasi mkononi. Walinzi wa kampuni walikuwa wanawazuia ng'ombe wa kijiji wasiingie bondeni. Wazee walikwenda kuuliza, wakapewa nakala ya Kiingereza. Yohani alikiokoteza hapa na pale, akashindwa. "Wamesema uje wewe uwasomee," alisema.

Aliwasomea darasani mle mle. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba wanakijiji ambao majina yao yanafuata wameipa kampuni bonde lile kwa hiari yao, miaka thelathini na mitatu. Mwenye pingamizi alilete ofisi ya ardhi ya wilaya ndani ya miezi sita, kwa sahihi za wakazi. Zilibaki siku tisa. Kurasa zilizofuata zilikuwa mwandiko wake. Na mwaka ule ule, kwenye mtihani, Evarista alikuwa ameandika kurasa tatu kwamba ridhaa ya mtu asiyejua anachoridhia si ridhaa, akapata A.

Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka.

"Nisameheni," alisema, machozi yakimtoka. "Sikusoma."

"Na wewe ndiye unayejua kusoma," alisema Koko Naishorua, bila ukali.

Evarista alikaa kwenye dawati la watoto, akaandika pingamizi. Barua nzuri kuliko zote alizopata kuandika, kila neno mahali pake, kila hoja na mguu wake wa kusimamia. Aliwatafsiria yote, neno kwa neno, mara mbili, Yohani akimalizia kwa Kimaasai. Waliitikia kwa vichwa kwamba ndivyo, hayo ndiyo yao. Kisha akafungua pedi ya wino.

Hakuna aliyeinuka. Mwalimu Yohani aliita majina. Watu waliangalia chini. Koko Naishorua alifunika mikono yake kwa shuka.

"Koko, bila dole lako haifai kitu."

"Mwanangu, umesoma vizuri, nimesikia. Hata siku ile tulikusikia vizuri."

"Hii ni yenu! Ni ya bonde lenu!"

"Najua. Lakini dole hili siweki tena kwenye karatasi. Hata ukiniletea ya mbinguni."

Mwalimu Yohani naye aliomba asamehewe kutia sahihi. Alikuwa mtumishi wa serikali, ana watoto. Evarista alisubiri mpaka darasa likabaki tupu.

Siku tatu baadaye alifika ofisi hiyo ya ardhi na barua yenye sahihi moja, ya kwake. Karani aliisoma yote, taratibu, mpaka mwisho.

"Wewe ni mkazi wa kijiji hiki?"

"Hapana. Natoka Kansay."

"Na hao wakazi wako wapi?"

Karani alikunja barua kwa adabu, akamrudishia.

"Basi, dada, haya malalamiko hayana mwenyewe."