Nukta za Kijani

Dada mtu aliinama kwenye hadubini, akatulia, kisha akapiga kelele iliyowashtua hata watu wa chumba cha pili. "Imeingia! Mdogo wangu, dawa imeingia! Kijani kitupu!"

Mdogo mtu, mwenye koti jeupe la maabara, alisogea akachungulia seli naye. Seli zile zilikuwa za mtoto wa dada yake. Binti huyo alizaliwa na misuli isiyoweza kutengeneza protini moja, moja tu, na kwa kuikosa hiyo sasa hata kijiko kilimshinda. Mama yake mdogo alikuwa ameifunga protini hiyo ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo kiasi cha kumezwa na seli, akaitia rangi ya kijani ili aone inakokwenda.

Kosa lilikuwa lake, kosa la kijinga la mtu mwenye huruma. Alimwambia dada yake kwamba akiona kijani ndani ya seli, basi wamefika. Hakumwambia kwamba kijani cha heri husambaa seli nzima, kama maziwa ndani ya chai. Hiki kilikuwa nukta nukta. Seli ilikuwa imevimeza vifuko ikavifungia kwenye vichumba vyake vya kusagia taka. Dawa iliingia ndani na haikufika popote.

"Dada, kaa kwanza."

"Nikae vipi, na miguu yenyewe inacheza!"

"Zile nukta zimekwama. Zitasagwa humo humo. Itabidi nitengeneze vifuko vingine, nianze upya."

"Upya mpaka lini?"

"Mwaka. Labda miwili."

Dada mtu akaketi. Moyo nao ni msuli, na daktari alikuwa ameshawaambia kwamba wa mtoto hautangoja muda mrefu hivyo. Uso ulimshuka. Mdogo mtu alitamani ardhi immeze.

Simu ya dada mtu ikalia. Alikuwa mtoto, aliyebaki nyumbani, bibi yake akimshikia simu. Mama aliipokea, akamsukumia mdogo wake bila kuiweka sikioni.

"Mama mdogo, vya kijani vipo?"

"Vipo, mwanangu."

"Vingi?"

"Vingi sana."

Mtoto akacheka mpaka pumzi zikamwishia, na mama zake wawili wakainamia simu, wakisubiri zimrudie.