Sumaku Ina Kinyongo

Tangu asubuhi Mzee Hirooka alikuwa akiniambia vipimo vyangu ni vibovu. Yeye ndiye bwana wa sumaku zinazoupinda mwale wa elektroni uzunguke ndani ya pete, lile bomba kubwa la duara la maabara yetu. Mimi ndiye niliyetengeneza vipimo vipya vya kuonyesha mwale umepita wapi. Vichache vilishafungwa kwa majaribio, na jioni hiyo Mkuu wetu, Bwana Nagumo, angeamua vifungwe pete nzima au vitupwe stoo. Vikitupwa, mkataba wangu nao umekwisha.

Na vipimo vilisema mwale umepotoka nusu milimita.

"Bi Anzai, sumaku zangu ziko palepale nilipoziweka," alisema Hirooka, akilifungua tonge lake la wali. "Hicho kidude chako kimelewa."

"Kimelewa na kushikilia nusu milimita ileile tangu asubuhi, mzee? Mlevi gani hayumbi?"

Wenzetu chumbani walicheka chinichini. Hirooka hakucheka.

Mimi nilikuwa nachemka. Ugonjwa niliujua: sumaku ina kinyongo. Uipe umeme uleule, bado nguvu yake itategemea kama ulifika hapo kutoka juu au kutoka chini. Ndiyo maana kila tukibadilisha chochote tunaipandisha umeme hadi mwisho, tunaishusha hadi chini kabisa, ndipo tunapanda polepole mpaka pale tunapotaka. Sisi tunaita kuiosha.

"Kwani leo mliziosha?" nikamuuliza.

"Si nilikuuliza asubuhi, tuzioshe? Ukanijibu hamna shida."

"Ndiyo! Hamna shida, zioshe!"

"Aa! Mimi nikajua hamna shida, tuache!"

Nilitamani kuipiga meza kwa kichwa. Hilo neno litatuua. Kwetu hata mgeni akikaribishwa chai hujibu hivyohivyo, na mwenyeji hubaki na birika mkononi asijue amimine au alirudishe jikoni. Siku nzima nimetukanwa kwa sababu ya adabu!

"Zioshe sasa hivi, mzee. Zi-o-she. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama, usinile."

Sumaku zikapanda, zikashuka, zikapanda tena. Nikakodolea macho kioo cha kompyuta. Ile nusu milimita ikapungua, ikapungua, ikaisha. Vipimo vyangu havikuwa vimekosea hata mara moja. Nilikaribia kulia.

Hapo ndipo Mkuu Nagumo alipoingia na kukuta mwale umenyooka.

"Hirooka! Hongera, bwana! Hizo ndizo sumaku!"

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Hirooka aliinama mpaka kiunoni, akasema, "Si mimi, Mkuu. Bila vipimo vya Bi Anzai tusingejua kama umepotoka."

"Vizuri sana, Bi Anzai, vizuri sana." Mkuu aliinama kidogo upande wangu, akakitazama tena kioo kwa furaha. "Sasa, kama umeshanyooka, hivyo vingine vya pete nzima tuvifunge vya nini tena?"