Ukanda wa Kalunde

Kwa miaka kumi na mmoja ukanda wa Kalunde, ule wa ngozi aliouvalia kichwani kubebea maji mgongoni, ulikuwa kamba ya kufungia mbuzi. Mumewe Kivuva ndiye aliyeutia kigingini, siku kisima chao, hapo kijijini Matiliku, kilipotoa maji. Alikuwa amepasua mwamba miezi saba, na siku hiyo kichwa kilimvimba.

"Mimi bado napenda maji ya mchangani, kule mtoni," Kalunde alisema.

"Watu watasema nini? Kivuva ana kisima, na bibi yake bado anainama mtoni?"

Kalunde akanyamaza. Kivuva alikihesabu kimya kile kuwa kukubali, maana kilimfaa.

Kufikia mwaka wa 1989 figo za Kalunde zilikuwa zimechoka na miguu imevimba. Daktari alimrudisha nyumbani bila maneno mengi. Ndipo akaja Mwangangi, mtaalamu wa miamba aliyekuwa akipima visima, kijana mpole, akateremsha kijimashine kisimani. Kikaanza kulia ta-ta-ta kama bisi chunguni.

"Mzee, mwamba huu una madini yanayotoa miale ya hatari, na yameyeyuka majini. Msinywe tena."

"Tukichemsha?"

"Hayatoki, hata ukichemsha siku nzima."

"Yanaharibu figo?"

Mwangangi alifunga daftari lake polepole. "Yanaweza, mtu akiyanywa miaka mingi. Lakini siwezi kukuambia ndiyo yaliyomwangusha mama."

Afadhali angemwambia. Kivuva alikaa ukingoni mwa kisima hadi jua likamchoma utosi, akijuta. Mwamba haukuwa na kosa. Haukumkataza mtu kwenda mtoni.

Akamfungua mbuzi, akauchukua ukanda.

Mtoni alifukua mchanga kwa kibuyu, akangoja maji yajikusanye, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu azaliwe. Alirudi amepinda, debe mgongoni, ukanda umembana paji la uso. Wanawake waliokuwa wakicheka njiani walimpisha, wakimkodolea macho. Hakuwajali. Alichotaka ni kufika kabla kiu ya Kalunde haijamlazimu kuomba.

Alimwinua, akamnywesha. Kalunde alimeza funda moja, akakisukuma kikombe.

"Ni ya wapi haya?"

"Ya mtoni. Yale uliyokuwa ukiyataka."

"Yana mchanga, baba Mutindi." Akafumba macho, akatabasamu kidogo. "Mdomo ulishazoea ya kwako. Nichotee ya kisimani, hata kidogo tu."

Kivuva akabaki ameshika kikombe, alama ya ukanda bado imemchimba kwenye paji la uso.