Kosa la Klarineti ya Pili

Tangu saa mbili asubuhi Mzee Pumzi alikuwa kwenye benchi la idara ya utamaduni, goti likimuuma, akisikiliza bendi ya manispaa ikifanya mazoezi ukumbini chini. Jina hilo alilipata enzi za bendi kubwa ya dansi, alipokuwa akishikilia noti moja ya tarumbeta mpaka wachezaji wanaishiwa miguu. Baadaye manispaa ikamwajiri, akaitungia bendi yake machi, wimbo wa gwaride ambao mpaka leo hufungua kila sherehe. Kesho yake kungekuwa na sherehe nyingine, na kwenye ratiba, mbele ya machi yake, waliandika: mtunzi hajulikani.

Hakutaka kingine ila jina. Macho ya mkewe yalikuwa yakififia, na mzee alitamani mkewe alisome kabla hayajazima.

Afisa, kijana mwenye adabu za kuazima, alimweleza kwamba karatasi za asili zilipotea walipohama jengo. Ushahidi uko wapi?

Mzee akakohoa. Ushahidi wake ulikuwa aibu ya miaka thelathini na minne.

"Klarineti ya pili, mwanzo wa sehemu ya tatu," alisema. "Nilinakili kwa mkono, mke wangu yuko leba, akili haiko kwangu. Mahali pa kunyamaza nikaandika noti. Kila nakala iliyofuata imelibeba kosa hilo, na nalijua mimi tu. Kaangalie."

Afisa akashuka, akarudi na mwongozaji wa bendi, ambaye uso wake ulikuwa umechanua.

"Shikamoo, mzee wangu. Tumeliona. Miaka yote tulidhani ndio mtindo wenyewe. Nimeshalirekebisha."

"Marahaba. Na jina?"

Afisa akatazama saa. Ratiba zimeshachapwa, alisema. Halafu kosa lenyewe limefutwa, kwa hiyo ushahidi nao haupo tena. Aliyasema hayo bila ubaya wowote.

Mzee alishuka ngazi taratibu, mkono ukutani. Alipofika getini machi ikaanza. Sehemu ya tatu ilipokaribia akabana pumzi, kama kawaida yake, akingoja klarineti imuumbue. Haikuingia. Ilinyamaza mahali pake, na wimbo ukafunguka kama alivyousikia kichwani kabla hajaushikia kalamu. Tangu siku ile hakuwa ameusikia hivyo. Ulikuwa mzuri mno, akatamani mkewe angekuwa pale.

Mlinzi akamwona anafuta macho. "Wimbo wa nani huo, mzee?"

"Wangu."

Mlinzi akacheka, akamfungulia geti.