Watu Waliokonda Kashaulili

Raya alikuwa na duka la picha mtaa wa Kashaulili, mjini Mpanda, nyuma ya soko. Alipiga picha za pasipoti, akatengeneza kadi za harusi, akachapa picha kubwa za kuweka kwenye fremu. Monita ya kompyuta yake, ile ya zamani ya mraba, ilikufa mchana mmoja katikati ya kadi ya kipaimara. Haikutoa moshi wala mlio. Ilizimika tu. Raya akamwomba mteja arudi kesho, kisha akampigia simu mdogo wake.

Huyo mdogo wake, Rehani, alikuwa fundi wa simu na kompyuta kule mtaa wa Shanwe. Alifika na bodaboda akiwa amepakata monita pana iliyotumika, akaisifu njia nzima mpaka mlangoni kwamba imetoka ofisini Tabora na haijawahi kupigwa jua. Akaiunganisha na kompyuta kwa waya aliouchomoa kwenye furushi la nyaya ndani ya begi lake. Kioo kikawaka. Kila kitu kilikuwepo, ila kimetanuka kushoto na kulia. Picha ya mteja wa asubuhi, kijana mwembamba, ilionekana kama ya mtu aliyekaliwa kichwani.

Raya akasema nyuso zimepanuka. Rehani akatazama, akakubali kwamba zimepanuka. Akaeleza kuwa kompyuta haijaitambua monita, kwa hiyo inahitaji draiva, yaani ile programu inayoielekeza kompyuta namna ya kukitumia kioo. Akapakua draiva kwa bando la Raya, akazima, akawasha. Nyuso zikabaki vile vile. Akapakua nyingine. Pale kwenye mipangilio ambapo pangeandikwa jina la monita, kompyuta iliandika kwamba ni monita ya kawaida isiyojulikana, na vipimo vyote ilivyokubali kuvitoa vilikuwa vya kioo cha mraba.

"Kioo ni kipana, dada," Rehani akasema mwishowe. "Kioo kikiwa kipana, na nyuso zinakuwa pana. Utazoea."

Raya alimwamini kwa sababu yeye ndiye fundi, na kwa sababu wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri.

Alizoea kwa njia yake. Kila picha aliyoifungua aliibana pembeni, taratibu, mpaka mtu aliyeko kwenye kioo afanane na mtu aliyeko kwenye benchi. Ikawa sehemu ya kazi, kama kufuta chunusi. Kwenye karatasi watu walitoka wembamba kidogo, na Raya akadhani ni printa imeanza kuchoka. Angeweza kufuatilia, lakini malalamiko hayakuja. Bibi harusi mmoja aliyeitwa Agape alipoiona picha yake ya send-off, ile sherehe ya kuagwa kwao, aliikumbatia, akarudi na shangazi zake watatu, nao wakataka wapigwe. Apollinarie, dereva wa bajaji mwenye mwili mkubwa, aliitazama picha yake ya pasipoti kwa muda mrefu, akasema kumbe ndiyo maana siku hizi anachoka, akaondoka akiwa na mawazo.

Kisha akaja Mwandu.

Mwandu alikuwa mfugaji, Msukuma, na ng'ombe wake walikuwa huko Mpimbwe. Mjini alikuja kwa nadra. Mama yake, Nyamizi, alikuwa akiishi Shanwe na binti yake Lucia, na ilikuwa inakaribia mwaka tangu afariki. Familia ilikuwa imepanga misa ya kumbukumbu, na Mwandu akajitolea kugharamia picha kubwa ya kuweka mbele. Alimpa Raya simu yenye picha hiyo. Mama amevaa kitenge cha bluu, mashavu yamejaa, amekaa kwenye kiti cha plastiki na anaonekana kuwa katikati ya kumkaripia mpiga picha. Raya akaifungua kwenye kompyuta, akaibana ikae sawa, akasafisha ukuta wa nyuma, akachapa. Mwandu alikuwa ameenda sokoni kununua kamba na dawa za mifugo. Aliporudi akakuta picha imeshakunjwa na kufungwa, akaichukua hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi alirudi na Lucia. Alisimama nyuma ya dada yake, kofia mkononi. Lucia alisalimia, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu nzuri. Akaikunjua picha juu ya meza na kuishikilia kwa viganja vyote viwili isijikunje.

"Hii umeitoa wapi?" akauliza.

Raya akamjibu kuwa ni ile ile iliyokuwa kwenye simu.

"Ile ilipigwa Pasaka, mama mzima wa afya. Huyu ni mama wa mwishoni." Lucia aligusa shavu kwenye karatasi. "Mwishoni hatukumpiga picha. Mwenyewe alikataa. Sasa wewe hii umeitoa wapi?"

Raya akaifungua picha kwenye kompyuta ili wajionee wenyewe, na mama akatokea kwenye kioo akiwa mnene, amejaa kitenge chake. Lucia akainua karatasi akaiweka pembeni ya kioo. Kitenge ni kile, kiti ni kile, mdomo ni ule ule wa kukaripia. Wa kwenye kioo alikuwa mzima na wa kwenye karatasi alikuwa mgonjwa. Wote watatu walitazama huku na huku, na Raya akaanza kuwakumbuka wateja wengine, mmoja mmoja.

Rehani alipigiwa simu, akaja. Alisikiliza maelezo, akaangalia karatasi, akaangalia kioo, akauchomoa ule waya na kuugeuza ncha yake kwenye mwanga wa mlangoni.

"Pini zimekatika," akasema, kama anaongelea waya wa mtu mwingine.

Akawaeleza. Kila monita ina kumbukumbu ndogo ndani yake, imeandikwa jina lake na vipimo vyake. Kompyuta ikiwaka huiuliza monita wewe ni nani na upana wako ni upi, na jibu hurudi kwa waya huu huu, kupitia pini zake maalumu. Picha ina pini zake nyingine, ndiyo maana picha ilikuwa inapita na jibu halipiti. Kompyuta iliuliza, haikujibiwa, ikakisia kwamba kioo ni cha mraba. Kioo nacho kikaivuta picha ya mraba mpaka ikajaa upana wake wote.

Raya akauliza zile draiva alizopakua zilikuwa za nini.

"Draiva inafuata jibu," Rehani akasema. "Jibu halikufika."

Akachukua waya mwingine, safari hii akihesabu pini kwanza, akaufunga. Kioo kikawa cheusi kwa muda, kikawaka tena. Kwenye mipangilio jina la monita lilikuwa limeandikwa kamili, na kompyuta ilikuwa imechagua kipimo kipana yenyewe bila kuambiwa. Picha ya mama ilikuwa bado imefunguliwa. Sasa hata kwenye kioo alikuwa amekonda kama alivyokuwa kwenye karatasi.

Lucia aligeuka akatazama barabarani. Mwandu hakugeuka. Alisogea mpaka karibu na kioo, na kwa mara ya kwanza tangu waingie dukani akafungua mdomo.

"Alikuwa hivi?"

"Mwishoni, ndiyo," Lucia akajibu akiwa bado anatazama nje. "Mikono ilikonda kuzidi hapo."

"Kila nikipiga simu uliniambia anaendelea vizuri."

"Yeye ndiye aliyesema nikwambie hivyo. Alikuwa anakaa pembeni yangu anasikiliza kama nimesema. Alisema ukija, ng'ombe watabaki na nani."

Mvua ilikuwa imekata barabara wiki ile ya msiba, na Mwandu alifika Mpanda kaburi likiwa limeshafunikwa. Hilo Raya alilijua baadaye. Pale dukani aliona tu mtu mzima anavaa kofia yake na kuivua tena. Rehani, ambaye hakujua aangalie wapi, alianza kuzikunja nyaya upya.

Raya aliifungua picha ya awali kutoka kwenye simu, hakuibana popote, akaichapa tena. Ilitoka taratibu kwenye printa, kitenge kwanza, kisha mikono, na Lucia akaipokea kabla haijamaliza kudondoka. Huyo ndiye, akasema. Akataka ile ya kwanza ichanwe.

"Hiyo nitaichukua mimi," Mwandu akasema.

Lucia akamwambia haifai, mama asingependa.

"Wewe ulimwona kila siku. Mimi sikumwona."

Lucia hakubishana tena. Mwandu aliikunja mwenyewe, polepole, akaifunga kwa kipande cha kamba aliyonunua kwa ajili ya ng'ombe.

Siku zilizofuata Raya alikaa na folda ya kazi zake zote. Ilijaa watu wembamba: maharusi, wanakwaya, mwalimu mkuu, watoto wa kipaimara wenye shingo kama za twiga. Aliwapigia simu, akawaomba radhi, akawaambia waje wachapiwe upya. Wengi walikuja. Agape alikataa; alisema picha imeshatundikwa ukweni, na anayeitaka amwombe mama mkwe. Apollinarie alikuja mbio. Alikuwa ameenda kupima damu, mkojo na kifua, akaambiwa hana ugonjwa wowote, ila apunguze uzito. Alizilinganisha picha mbili, akamshukuru Raya, akachukua zote.

Kwenye misa Raya hakwenda, lakini Lucia alikuwa amemwalika chakulani, akaenda na kitenge chake kizuri. Mama Nyamizi alikuwa sebuleni kwenye fremu, mnene, anawakaripia waliokuwa wanakula. Ndugu waliokuja na Mwandu kutoka Mpimbwe walikuwa wameshapanda gari na kuwasha injini, wanataka kufika kabla giza halijaingia. Walituma mtu amwite Mwandu, na yule mtu akarudi peke yake.

Raya alipopita uani kunawa mikono aliwaona. Lucia alikuwa amekaa kwenye mkeka, Mwandu kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Anza pale alipoanza kuumwa," Mwandu alikuwa anasema. "Usiruke."

Lucia akavuta pumzi, akaanza. Raya alinawa bila kulifungua bomba sana, akatoka kwa mlango wa mbele bila kuaga.