Usiku Uliotoka kwenye Beseni

Mume wangu Ottokar alipiga filamu moja tu ya mnyonyadamu maishani mwake, na mimi ndiye niliyeipa usiku. Mikanda ya siku zile haikuona kitu gizani, kwa hiyo yule mfu alizunguka makaburini saa sita mchana, taa mkononi. Kisha nikauchovya mkanda kwenye beseni la rangi ya buluu, futi kwa futi, hadi kucha zangu zikawa za maiti. Berlin nzima ilijua kuwa buluu ni usiku. Watu walitoka ukumbini wameshikana mikono kwa woga.

Vita viliteketeza nakala zote isipokuwa moja, iliyokuwa chini ya kitanda chetu. Mwaka 1956 Bwana Pfeil, mwenyekiti wa chama cha filamu, akaja kuiomba. Alisema mikanda ya zamani hushika moto upesi, hivyo wangeinakili kwenye mkanda mpya, halafu ule wa zamani uharibiwe, ndiyo kanuni. Ottokar alisita. Mimi nikamng'ang'ania, nikamwambia kazi yake haikuumbwa ikae uvunguni, na saini nikatia mwenyewe. Habari ya rangi sikuuliza. Mimi, mtia rangi!

Jumapili moja alasiri tukaenda kuitazama kwenye onyesho la chama, Ottokar kavaa suti aliyonioa nayo. Kumbe walikuwa wameinakili kwa nyeusi na nyeupe. Mnyonyadamu akatoka kaburini kwenye jua kali, kivuli kifupi miguuni, kainua taa yake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mzee, tafuta kofia, utaungua!" mmoja akapaza sauti.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamnong'oneza mume wangu twende nyumbani.

"Kaa," akasema. "Nataka kuona kama yupo atakayeogopa."

Hakuogopa hata mmoja.

Filamu ilipokwisha, Bwana Pfeil akapanda jukwaani akamwomba aliyeipiga filamu hiyo asimame apigiwe makofi. Alikuwa na nia njema, maskini. Watu wakageuka huku na huku, bado wanajifuta machozi ya kicheko. Mama mmoja aliyeketi jirani yetu akamuuliza Ottokar kama anamfahamu mtu huyo.

"Nilimfahamu," akajibu. "Alishakufa."

Yule mama akamwambia pole. Ottokar akaipokea, akamshukuru. Na mimi niliyetia saini nikamshika mkono, tukatoka ukumbini.